XM25: Bunduki ya Guruneti Iliyofika Vitani Ikarudishwa

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi vijana wa uhandisi, pamoja na wazee wetu mliowahi kubeba silaha kwa kazi, habari za jioni.

Leo tunazungumzia silaha moja tu. Inaitwa XM25, bunduki inayorusha guruneti la kulipuka hewani. Katika jeshi la Marekani ile X ya mwanzo ina maana yake: chombo bado kiko kwenye majaribio. Kikikubaliwa, X inaondolewa. Ndivyo kirusha-guruneti cha XM203 kilivyogeuka kuwa M203 na kudumu mikononi mwa askari kwa miongo mingi. XM25 haikuwahi kuivua X yake. Ilipelekwa Afghanistan mwishoni mwa 2010, ikapiga, ikasifiwa, ikarudishwa nyumbani mwaka 2013, na mwaka 2018 mpango wake ukafutwa rasmi.

Wanaosimulia habari zake hutaja ajali, bei na kesi ya mahakamani. Yote hayo yalitokea, nasi tutayapitia. Lakini kasoro iliyoiangusha ilikuwepo kabla ya hayo yote, na ilikuwa nyepesi kuielewa: silaha hii ilimtaka askari aiache bunduki yake kambini. Jeshi hilohilo lilishapata somo hilo Vietnam, likalitafutia dawa mwaka 1969, halafu miaka arobaini baadaye likarudi kuugua ugonjwa uleule.

Tuanze na tatizo lenyewe, maana lilikuwa la kweli.

Mtu yuko nyuma ya ukuta wa udongo, umbali wa mita 400. Anainuka, anapiga risasi mbili tatu, anainama. Bunduki ya M4 inatoa risasi ya milimita 5.56 kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo risasi inakwenda karibu moja kwa moja, na ukuta wa udongo mnene wa vijijini Afghanistan unaimeza. Risasi haijui kupinda ikashuka upande wa pili. Basi askari watapiga sana, adui atainama, watanyamaza, naye atainuka tena. Mchezo huo unaweza kuendelea nusu saa, na seksheni nzima, yaani kikosi kidogo cha askari, imelala chini haisogei.

Kwa nini wasitumie guruneti? Wanalo. Lile la milimita 40 linalorushwa na M203, na sasa M320, linatoka mtutuni kwa mita 76 tu kwa sekunde, pungufu ya sehemu moja ya kumi ya kasi ya risasi. Ili lifike mbali lazima mtutu uinuliwe sana, guruneti lipande na kushuka kama jiwe lililorushwa juu ya mwembe. Upeo wake ni kama mita 400. Kwa shabaha ndogo kama dirisha, askari anategemewa kupata hadi mita 150. Kwa eneo pana, mita 350. Tena linalipuka likigonga kitu. Likigonga uso wa ukuta, ukuta unamkinga yule yule unayemtafuta. Likipita juu likaangukia mita 10 nyuma yake, vipande vinatawanyika mbali naye.

Zilizobaki ni mota, yaani mzinga mdogo, au ndege, au kombora la Javelin lililotengenezwa kuvunja vifaru. Mota inahitaji muda wa kurekebisha shabaha. Ndege haipo kila saa. Javelin moja ni ghali sana, na Afghanistan ilitumika kweli kumtoa mtu mmoja nyuma ya ukuta. Hapo ndipo hoja ya XM25 ilipopata nguvu, na hakuna haja ya kuikejeli. Askari walikuwa wanakufa kwa kukosa kitu cha kufika nyuma ya ukuta kwa mita 400 hadi 600.

Sasa turudi Vietnam kidogo, kwa sababu jibu liko huko.

Mwaka 1961 jeshi la Marekani lilianza kutumia M79. Ni bunduki fupi nene ya milimita 40, inayokunjuka katikati kama gobore la ndege, inaingizwa guruneti moja, inafungwa, inapigwa. Ilipendwa. Ilikuwa nyepesi, chini kidogo ya kilo 3, na ilikuwa sahihi. Kasoro yake ilikuwa moja: aliyeibeba hakuwa na bunduki nyingine. Alipewa bastola. Katika msitu ambako adui anaweza kuibuka hatua kumi mbele yako, mtu huyu alikuwa karibu mikono mitupu, kwa sababu guruneti la milimita 40 halijiwashi kulipuka mpaka liwe limesafiri kati ya mita 14 na 27. Hiyo ni kinga ya kumlinda mpigaji mwenyewe. Kwa hiyo seksheni yenye M79 mbili ilikuwa imepoteza bunduki mbili za kawaida.

Dawa ya kwanza ilikuwa XM148 ya kampuni ya Colt, kirusha-guruneti kinachofungwa chini ya mtutu wa M16. Wazo lilikuwa zuri, chombo kilikuwa dhaifu. Kifyatulio chake kirefu kilikuwa kinanasa mahali, na kilirudishwa kutoka Vietnam mwaka 1967. Dawa ya pili ikafaulu. M203, ya mwaka 1969, ni bomba linaloteleza mbele chini ya mtutu wa bunduki, kilo moja na theluthi hivi. Unasukuma bomba mbele, unaingiza guruneti, unavuta nyuma, basi. Mpigaji wa guruneti akarudi kuwa mpiga risasi kama wenzake. Tafadhali likumbukeni hilo bomba la kilo moja na theluthi, tutalihitaji.

Miaka ya 1990 Marekani ilianzisha mpango mkubwa wa bunduki ya watu wa mguu, ambao ulizaa XM29. Ndani ya chombo kimoja waliweka bunduki ya 5.56, kirusha-guruneti cha milimita 20 chenye magazini, na juu yake kompyuta yenye leza. Yaani walielewa somo la M203: askari asinyang'anywe bunduki yake. Tatizo likawa mizani. Lengo lilikuwa kama kilo 6.4. Vielelezo vilivyotengenezwa vilifika karibu kilo 8. Na guruneti lenyewe la milimita 20 lilikuwa dogo mno, halina kishindo cha kutosha kumwangusha mtu.

Hapa vijana wa hesabu watanielewa haraka. Ujazo wa guruneti unakwenda kwa mraba wa kipenyo ukizidishwa na urefu. Maumbo yakifanana, ni mchemraba wa kipenyo, yaani kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Toka milimita 20 kwenda 25 na ujazo unakaribia mara mbili. Toka 25 kwenda 40 na unazidi mara nne. Milimita 5 zinaonekana ni kitu kidogo kwenye karatasi, lakini ndani yake ndimo vinamokaa baruti na chuma cha kupasuka. Kwa hiyo mwaka 2003 waliamua kuigawa XM29 vipande viwili. Bunduki ikaenda njia yake. Kirusha-guruneti kikapanuliwa kuwa cha milimita 25 na kikapewa jina XM25.

Angalieni kilichotokea katika mgawanyo huo. Kwa kuitenganisha bunduki na guruneti ili kupunguza uzito, walirudi kwenye M79. Chombo kipya kikawa na kilo 6 na zaidi, mara mbili ya M79, na aliyekibeba akawa tena hana bunduki.

Lakini uhandisi wake unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ni kazi nzuri sana.

Chukueni guruneti lake mkononi. Unene wake ni milimita 25, kama kidole gumba cha mtu mzima aliyezoea jembe. Guruneti la M203 ukiliweka pembeni ni nene kama mhindi mbichi. Lile dogo lina fyuzi ndani yake ambayo ni saa, mizani na sikio kwa pamoja. Kazi ya fyuzi hiyo ni kujua imesafiri mita ngapi, na kulipuka hewani mita ileile iliyoambiwa, si kabla, si baada.

Itajuaje imesafiri kiasi gani? Njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni muda: ikitoka kwa mita 210 kwa sekunde, hesabu sekunde kadhaa, lipuka. Njia hiyo inaharibika kwa jambo dogo. Baruti haichomi sawasawa kila mara. Ikiwa ya baridi inasukuma kidogo, ikiwa ya moto inasukuma zaidi. Kasi ikipungua kwa asilimia 1 tu, guruneti lililopangiwa mita 500 litalipukia kwenye 495, mbele ya ukuta. Mita 5 kwa guruneti dogo namna hii ni kukosa kabisa.

Ndiyo maana walihesabu mizunguko. Mtutu una mifereji iliyojipinda, na guruneti likipita humo linatoka likizunguka kama pia. Fyuzi ina kihisi cha sumaku. Guruneti linapozunguka katika uga wa sumaku wa dunia, kihisi kinapata wimbi moja kwa kila mzunguko. Fyuzi inahesabu mawimbi. Uzuri wake ni huu: guruneti likitoka polepole kwa asilimia 1, linazunguka pia polepole kwa asilimia 1, kwa hiyo linapofika mita 500 limezunguka karibu idadi ileile. Kosa la kasi linajifuta lenyewe. Bado kuna kazi ya jedwali, kwa kuwa hewa inapunguza mwendo wa mbele upesi kuliko inavyopunguza mzunguko, na kadiri linavyokwenda mbali linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mita. Kompyuta inalijua jedwali hilo. Kwangu mimi hiki ndicho kipande bora cha mpango wote, na kilifanya kazi.

Mpigaji anafanyaje? Anatazama katika darubini inayokuza mara 2, yenye pia uwezo wa kuona joto usiku. Anabonyeza leza, mwanga unagonga ukuta na kurudi, kipimo kinaonekana: tuseme mita 412. Adui hayuko kwenye ukuta, yuko nyuma yake. Basi mpigaji anaongeza mita moja kwa kitufe. Anaruhusiwa kuongeza au kupunguza hadi mita 3. Kompyuta inachanganya umbali, joto na mgandamizo wa hewa, kisha inamwekea alama mpya ya kulenga, juu kidogo ya ile ya mwanzo, kwa sababu kwa mita 210 kwa sekunde guruneti linashuka sana njiani. Wakati huohuo guruneti lililo kwenye chemba, mahali linapokaa kabla ya kupigwa, linapewa namba yake. Analenga alama mpya juu tu ya ukingo wa ukuta, anapiga. Magazini ina maguruneti 4, na bunduki inajikoki yenyewe baada ya kila pigo. Kwa shabaha moja walitangaza mita 500, na kwa eneo pana zaidi ya hapo.

Ikisimuliwa hivyo inaonekana ni rahisi. Tuone mahali inapokwama.

Kwanza leza. Mwanga wa leza hauulizi umekusudia nini, unapima kitu cha kwanza ulichokigonga. Ukingo wa ukuta ukiwa mwembamba na mikono ikitetemeka, unapita juu yake na kugonga kilima kilicho nyuma. Kipimo kinasema 480 badala ya 412. Guruneti litapita salama juu ya kichwa cha adui na kulipuka mita 68 nyuma yake. Matawi, nyasi ndefu na vumbi la mapigano vinaleta kosa la upande wa pili, kipimo kinakuwa kifupi. Askari aliyefunzwa anapima mara mbili na kulinganisha. Aliye chini ya risasi hana raha hiyo.

Pili mwinuko. Fyuzi inatatua umbali, haitatui juu na chini. Mtutu ukiinuka zaidi kwa milimita 1 katika kila mita 1, kwenye mita 500 guruneti linapita nusu mita juu zaidi. Ukikosea kwa milimita 4, linalipuka mita 2 juu ya mahali ulipotaka, na vipande vidogo vinapoteza nguvu upesi. Upande ule mwingine ni mbaya zaidi, maana linagonga ukuta.

Tatu upepo. Safari ya mita 500 inachukua zaidi ya sekunde mbili. Vyombo vilivyo kwenye bunduki vinapima hewa ya pale alipo mpigaji, na upepo unaovuma bondeni katikati ya njia ni habari nyingine. Risasi ya haraka inasukumwa kidogo. Guruneti la mwendo huu linasukumwa vya kutosha kulikosa dirisha.

Na nne, ambalo kwenye mabanda ya maonyesho halitajwi kabisa: betri. Bila umeme chombo hiki ni bomba zito lenye maguruneti ambayo hayajui pa kulipukia.

Desemba 3, 2010, XM25 ilipigwa vitani kwa mara ya kwanza. Walizipeleka Afghanistan tano tu, mikononi mwa askari wa divisheni ya 101. Katika miezi ya mwanzo zilipiga maguruneti 55 katika mapambano tisa. Taarifa zilizorudi zilikuwa nzuri. Adui aliyezoea kujificha mahali palepale na kupiga kwa muda mrefu alikuwa anakimbia baada ya milipuko michache. Askari wakaipa jina la mwadhibu. Naamini taarifa hizo. Silaha ilikuwa inafanya kile ilichoumbiwa kufanya.

Ila angalieni ukubwa wa kipimo. Silaha tano, mapambano tisa, na nyuma yake wahandisi wanaoishughulikia kwa mikono yao wenyewe. Hayo ni majaribio ya kuonyesha kwamba wazo linawezekana. Hayakutoa jibu la swali la kombania: tukiwapa hiki, tunawanyang'anya nini?

Jibu la swali hilo lilitangazwa mwezi Machi 2013. Kwa mujibu wa taarifa zilizotoka wakati huo, kikosi cha Rangers, askari teule wa Marekani, kilichokuwa kinajiandaa kuvamia ngome kilikataa kwenda na XM25. Hoja zao zilikuwa mbili, na zote zinahesabika. Kwanza, shehena ya kawaida ya silaha hiyo ilikuwa maguruneti 36, ambayo katika mapigano makali yanakwisha mapema. Pili, anayeibeba hawezi kubeba pamoja nayo bunduki ya M4, kwa hiyo timu ndogo inapungukiwa na bunduki moja.

Fikirini uvamizi wa nyumba. Wanafika mlangoni. Umbali sasa ni mita 5, korido, vyumba, giza. Mwenye XM25 ana kilo 6 za chombo ambacho ndani ya nyumba hakimsaidii kitu. Guruneti linalosubiri liende mbali kabla ya kujiwasha halina faida kwa adui aliye nyuma ya kabati. Atabaki na bastola, kama yule wa M79 msituni. Rangers hawakuwa wanaidharau teknolojia. Walihesabu watu waliokuwa nao, wakahesabu bunduki, wakaona moja imepungua.

Mwenye M320 kiunoni au chini ya mtutu anaongeza kilo moja na nusu tu na bunduki yake bado iko mkononi. Guruneti lake ni bubu, halina kompyuta, halifiki mita 500. Lakini anapofika mlangoni yeye bado ni mpiga risasi. Mizani hiyo ndiyo XM25 ilishindwa kuibeba.

Sasa ile ajali. Ilitokea Februari 2, 2013, katika mazoezi ya kupiga, huko huko Afghanistan. Bunduki inayojikoki hufanya kazi hivi: baada ya pigo bolti inarudi nyuma, inatoa ganda tupu, inakwenda mbele ikisukuma guruneti jipya kutoka kwenye magazini hadi kwenye chemba. Kama chemba haijawa tupu, au yakisogea mawili kwa pamoja, yanabanana. Siku hiyo yalibanana, na fataki, kile kiwashio cha baruti, ya mojawapo ikashika moto kabla ya wakati wake. Baruti ya kusukuma ikaungua mahali ambapo hapakuwa pamefungwa. Ganda lisiloshikwa pande zote na kuta za chemba linapasuka, na gesi inatoka popote inapopata njia. Bunduki iliharibika, askari akaumia kidogo na kurudi kazini.

Kichwa cha guruneti hakikulipuka. Hapa msipite haraka, kwa sababu ni sehemu ya kazi iliyofanywa vizuri. Kanuni ya fyuzi za namna hii ni kwamba haziwi hai mpaka zipate ishara zaidi ya moja za safari ya kweli: kishindo cha kusukumwa mtutuni, kisha mzunguko wa kasi. Guruneti lililobanana kwenye bolti halijazunguka hata mara moja. Hivyo kinga zikashika, na askari yule yuko hai. Ila silaha zote ziliondolewa vitani, zisubiri marekebisho ya ulishaji. Katika bajeti iliyofuata wabunge wa Marekani walianza kukata fedha.

Kuhusu bei, magazeti ya wakati ule yalitaja dola 35,000 kwa bunduki moja na dola 55 kwa guruneti. Kwa bunduki ya askari wa mguu ni nyingi. Kwa kulinganisha na Javelin ni kidogo sana. Naona hoja ya bei ilitumiwa kupita kiasi na pande zote mbili. Jambo zito zaidi lilisemwa na mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi katika ripoti ya Agosti 2016: jeshi halikuwa limethibitisha kwa hoja idadi ya XM25 lililotaka kununua. Hiyo inatokana moja kwa moja na swali la Rangers. Kama hujaamua nani katika seksheni ataacha bunduki yake, huwezi kujua unahitaji ngapi.

Halafu wakandarasi wakagombana. Kampuni ya Orbital ATK ya Marekani ndiyo iliyokuwa na mkataba mkuu; Heckler & Koch ya Ujerumani ilikuwa inatengeneza bunduki yenyewe. Mwaka 2017 Orbital ATK ilifungua kesi ikidai dola milioni 27, kwa madai kwamba mwenzake hakuleta vielelezo 20 vilivyoagizwa. Katika mzozo huo likaibuka jambo la kisheria ambalo wengi hawakulitegemea: Tamko la St. Petersburg la 1868.

Tamko hilo lilitiwa saini hasa na mataifa ya Ulaya, likakataza katika vita vyao risasi zinazolipuka zenye uzito chini ya gramu 400. Kampuni ya Kijerumani ilionyesha wasiwasi kwamba guruneti la milimita 25 linaingia humo. Wazo la waandishi wa 1868 lilikuwa la utu: risasi inayopasuka ndani ya mwili wa mtu inaongeza mateso bila kuongeza faida ya kivita. Nami naliheshimu sana lile tamko. Lakini hesabu inasumbua hoja. Guruneti la kawaida la milimita 40, pamoja na ganda lake, lina kama gramu 230. Nalo liko chini ya 400, na majeshi ya dunia nzima, yakiwemo ya nchi zilizosaini, yamelitumia kwa miaka zaidi ya hamsini. Marekani yenyewe haikuwa miongoni mwa waliotia saini. Anayetaka kulijadili suala hili kwa dhati inabidi alijadili kwa maguruneti yote madogo, asichague la milimita 25 peke yake.

Aprili 2017 jeshi lilivunja mkataba. Mwaka 2018 mpango ukafungwa.

Wakorea Kusini walikwenda njia ile ya XM29 na kufika mbali zaidi. K11 yao iliunganisha 5.56 na guruneti la milimita 20 la kulipuka hewani, na ilianza kugawiwa askari. Uzito ulizidi kilo 6. Ilisumbuliwa na nyufa na matatizo ya betri, na Desemba 2019 wakaifuta. Kwa hiyo njia zote mbili zimeshajaribiwa na nchi zenye fedha na wahandisi hodari: kuunganisha vyote, chombo kikawa kizito; kutenganisha, askari akabaki bila bunduki.

Kijana mmoja wa mbele hapa ametuletea swali kwenye karatasi: je, wazo limekufa? Hapana. Jeshi la Marekani lina mpango mwingine, wa mpigaji wa guruneti wa usahihi, na miongoni mwa silaha zilizoshindana humo zimo za milimita 30. Rudini kwenye hesabu yetu ya ujazo: toka 25 hadi 30 ujazo unaongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili, kwa hiyo kila guruneti lina maana zaidi. Leza na kompyuta za leo ni ndogo na nyepesi kuliko za 2010. Kuna pia wazo la kumpa silaha ileile namna zaidi ya moja ya guruneti, mojawapo ikiwa ya karibu, yenye vipande vinavyotoka mtutuni moja kwa moja kama gobore la goroli, ili mbebaji asiwe mikono mitupu mlangoni.

Hilo la mwisho ndilo mimi ningelipima kwanza kabla ya lingine lolote. Kabla ya kuipeleka uwanja wa mita 500, ningeweka silaha kwenye mizani ikiwa na magazini iliyojaa na betri yake, kisha ningempa askari mmoja apande nayo ngazi tatu, aingie chumba cha mita nne kwa nne chenye shabaha nyuma ya mlango, na ningehesabu sekunde mpaka apige.